Dondoo muhimu: Kupima upumuaji na oksijeni wodini

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mgonjwa akijua unamhesabia hubadili anavyopumua, kwa hiyo endelea kumshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yakiwa kifuani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na zaidi ni kupumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mfunue nguo: kifua kinachobonyea kwa chini anapovuta hewa hukioni kupitia kanga.

Kipima oksijeni cha kidoleni ndicho hudanganya wengi. Kidole cha baridi, rangi ya kucha au piko huvuruga kipimo; pasha mkono joto au jaribu kidole kingine, na linganisha mapigo ya kifaa na uliyohesabu mwenyewe. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, basi asilimia 94 ya mgonjwa anayehema isikuridhishe: kagua ulimi na ndani ya midomo. Na aliyelala na jiko la mkaa chumbani, usiiamini hata 99, kwa sababu kifaa hiki hakitofautishi monoksidi ya kaboni na oksijeni kwenye damu. Mwite daktari.

Ukiandika kipimo, andika pia kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni na ni lita ngapi kwa dakika. Bila hivyo, anayepokea zamu hawezi kujua 95 hiyo ina maana gani.