Huruma kwa Nafsi na Maumivu Sugu ya Mgongo

Msimu wa palizi unapofika Endamarariek, wilayani Karatu, mkulima huinama juu ya mahindi, maharage na mbaazi tangu alfajiri hadi jua la utosi. Jioni mgongo humuuma. Maumivu yakipita miezi mitatu, utabibu huyaita sugu, na mara nyingi mgonjwa huwa amekwisha kujitwika mzigo wa pili: lawama. Hujiona mvivu, aliyezeeka kabla ya wakati, anayewaelemea wanawe. Kesho yake hulima kwa nguvu zaidi ili ajithibitishie kuwa sivyo, kisha hununua diklofenaki dukani, wiki baada ya wiki, pasipo kujua kwamba dawa hiyo ikitumiwa mfululizo yaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa taarifa ya maumivu haisafiri bila kizuizi hadi ubongoni. Ndani ya uti wa mgongo mna mfano wa lango, ambalo hupanuka au kubanwa kulingana na taarifa nyingine za neva na amri zishukazo kutoka ubongoni. Hofu na lawama huuweka mwili katika hali ya hatari: adrenalini hupanda, misuli hukaza, usingizi hukatika, na maumivu huzidi. Maumivu hayo ni ya kweli, hayakubuniwa. Yameongezwa tu, kama redio iliyoongezwa sauti.

Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 2003, aliijenga huruma kwa nafsi juu ya nguzo tatu: kujitendea kwa upole, kutambua kuwa mateso huwapata wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyakuza wala kuyakana. Hapa Kiswahili chahitaji uangalifu. Kujililia kwamba "ni mimi peke yangu" ni kinyume cha nguzo ya pili. Kilicho karibu zaidi ni neno "pole". Mswahili hulitoa bure kutwa nzima: kwa aliyejikwaa, kwa mfiwa, kwa atokaye shambani. Alipokeaye haoni kuwa amedharauliwa, wala haachi kazi. Ni nadra, hata hivyo, mtu kulielekeza kwake mwenyewe.

Zoezi lenyewe ni fupi. Mgonjwa huketi au hulala apatapo nafuu, huweka kiganja kifuani au panapouma, na huvuta pumzi taratibu, akiitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Hukiri moyoni kwamba panauma. Hukumbuka kuwa wapo majirani wenye mgongo kama wake. Kisha hujiambia maneno ambayo angemwambia dada yake katika hali hiyo. Dakika 5 zatosha, asubuhi na usiku. Wengine huona haya mwanzoni, na si kosa.

Upole huo hauna budi kuonekana katika kazi. Aliyezoea ndoo ya lita 20 hugawa maji katika safari mbili. Apaliliaye hunyoosha mgongo kabla maumivu hayajamlazimisha, kisha huendelea; kulala kutwa nzima hudhoofisha misuli na hakumsaidii.

Mbinu hii haiondoi kila maumivu. Faida yake huonekana zaidi katika kupunguza huzuni, hofu na ulemavu uletwao na maumivu, kuliko katika ukali wa maumivu yenyewe. Wala haichukui nafasi ya uchunguzi. Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho hutibika kwa dawa. Anayekufa ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ambaye miguu yake inalegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.