Mate ya Mnyama na Sumu Iliyo Ndani ya Nyasi

Ndugu mfugaji, sisi huona nyasi kama kitu kisicho na ulinzi. Haikimbii, haipigi teke, mnyama akifika ni kula tu. Lakini ziko nyasi zenye mlinzi ndani.

Mlinzi huyo ni kuvu ndogo sana. Tusiichanganye na ile ya kijani tunayoiona kwa mahindi yaliyonyeshewa. Hii hukaa katikati ya chembe za mmea, na kwa macho mmea waonekana mzima kabisa. Nyasi huilisha sukari, nayo kuvu hutengeneza sumu ya kuwachukiza walaji. Hata kwa mbegu hupita.

Huko Marekani nyasi iitwayo feskyu ndefu ilianza kusambazwa Kentucky mwaka 1943, ikapendwa kwa kuvumilia ukame na kukanyagwa. Kumbe! Ng'ombe wakachechemea, wengine wakakatika ncha za masikio na mkia wakati wa baridi, na joto likija wanahema kivulini bila kunenepa. Sumu yenyewe, egovalini, hubana mishipa ya damu. Ni mwaka 1977 ndipo wataalamu wa Georgia walipoihusisha na kuvu. Fikiria mkulima wa siku hizo: shamba kijani, ng'ombe kiwete.

Sasa mate yanaingia wapi? Mwaka 2014 watafiti, mmoja wao Dawn Bazely wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, walieleza jaribio lao. Walikata feskyu nyekundu kana kwamba imeliwa, wakapaka mate ya musi na renidia, wanyama wakubwa wenye pembe wa nchi za baridi. Kuvu ikapunguza mwendo wa kukua. Waliporudia kwa muda wa wiki kadhaa, sumu ilipungua kwa asilimia 41 hadi 70.

Angalia hapo: mnyama akiuma leo, mlo wa leo bado una sumu yake. Faida huja baadaye, na humfikia yule anayerudi kula palepale. Akihama, atafaidi mwingine.

Basi tusiseme haraka kwamba mate yatamwokoa ng'ombe. Feskyu ndefu huwadhuru ng'ombe wa Marekani ingawa wanaitafuna kila siku. Wakulima wa huko huchanganya malisho na klova, au hung'oa na kupanda feskyu yenye kuvu isiyotoa sumu hiyo. Hata nyasi kavu wanaiangalia, kwani kukausha hakuondoi sumu yote.