Historia ya Zama Zetu Isomwe Vipi? Mfano wa Kifo cha Rwagasore



Tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa kwa risasi hapa mjini, wakati huo ukiitwa Usumbura. Chama chake, UPRONA, kilikuwa kimetoka kushinda viti 58 kati ya 64. Muuaji, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa adhabu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Lakini nani alikuwa nyuma yake? Kila nyumba ina jibu lake. Tumsadiki nani? Wanahistoria wana njia tatu.

Kwanza, nyaraka. Mwaka 2021 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kinachodai, kwa kutegemea nyaraka za serikali, kuwa maofisa wa Ubelgiji walihusika. Nyaraka zina nguvu, ila mtawala huandika anachotaka kibaki.

Pili, masimulizi ya wazee. Jan Vansina, aliyefanya utafiti Burundi, alionyesha mwaka 1961 kuwa simulizi nalo hupimwa: msimulizi aliona mwenyewe, au alisikia? Kutoka kwa nani?

Tatu, kuunganisha tukio na dunia. Mwaka huohuo, Januari, Lumumba aliuawa. Desemba, Tanganyika ikapata uhuru. Hapo tunaona kifo cha Rwagasore kilitokea katikati ya mvutano mkubwa wa wakoloni na wapigania uhuru. Hata hivyo, mambo mawili kutokea karibu si ushahidi kuwa moja limezaa jingine.

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi hatuoni ugeni hapa. Tumezoea kuuliza sanadi kabla ya kukubali matini, na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari. Tofauti ni moja: mwanahadithi humkataa mpokezi mwongo, lakini mwanahistoria huuhifadhi hata waraka wa uongo, kwa sababu unaonyesha mwandishi alitaka watu waamini nini.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu katika nchi yetu habari isiyopimwa imewahi kuwafanya majirani waogopane.

Basi likizo hii, keti na mzee wako, Buyenzi au popote. Andika jina lake, tarehe, alichokiona na alichosimuliwa, kila kimoja mahali pake. Kisha linganisha na maandishi. Pale usipopata jibu, acha wazi. Usijaze kwa dhana.