Acha kusema "ni uzee tu"

Magoti yakiuma, ni uzee tu. Akiuliza swali moja mara nne, ni uzee tu. Akisusa chakula, akianguka bafuni, akikaa kimya sebuleni huku wajukuu wakipiga kelele, jibu ni hilo hilo. Ni jibu rahisi, halina gharama, na linawaokoa watoto wote wasiulize swali la pili. Shida yake ni kwamba mara nyingi si kweli. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya, jambo jema, lakini mzee wako haishi kwenye azimio. Anaishi chumba cha uani. Tuanzie huko.

1. Mpime presha hata kama hajalalamika

Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako afya ya wazee imefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Walipozunguka vijijini na kuwapima zaidi ya watu 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, walikuta karibu saba katika kila kumi wana shinikizo la juu la damu. Waliotibiwa hadi presha ikatulia walikuwa wachache mno. Na hao ni wakulima waliopanda vilima maisha yao yote, si watu wa chipsi na soda. Presha haibishi hodi. Wengi huijua siku mkono mmoja umegoma kunyanyuka.

Kama mna kipimo nyumbani, kitumieni sawasawa. Mzee akae kwanza dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na awe ameshakwenda haja ndogo. Kitambaa cha kipimo kivalishwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta. Asiongee, na wewe usimsimulie habari za kiwanja kilichouzwa. Pima mara mbili, andika tarehe na namba zote daftarini, na daftari liende naye kliniki. Namba zikishuka, usishangilie kwa kumwachisha dawa. Zimeshuka kwa sababu anakunywa dawa.

2. Fungua ule mfuko wa dawa

Kila mzee anao. Uko chini ya mto au nyuma ya vikombe vya wageni kabatini, na mara nyingi bado ni rambo, maana marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 haikufika kwenye kabati la bibi. Ndani yake mna vidonge vya presha vya mwaka juzi, pakiti iliyokatwa mahali penye jina, antibaotiki alizobakiza mjukuu, chupa ya mizizi isiyo na lebo, na karibu kila mara diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa la mtaani.

Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiogopa. Inatuliza magoti kweli, ndiyo maana inapendwa. Lakini ikimezwa siku nenda siku rudi huweza kupandisha presha, kuchubua tumbo hadi livuje damu, na kuumiza figo. Kwa hiyo mzee anameza ya kushusha presha asubuhi na ya kuipandisha jioni, kisha familia inasema dawa za hospitali hazimfai. Beba mfuko mzima, mizizi ikiwemo, ukaumwage mezani kwa daktari au mfamasia. Usiamue peke yako kipi kitupwe.

3. Ifanye safari ya chooni ya saa nane usiku

Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo vya ajali duniani, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Kwa hiyo zima taa na utembee mwenyewe kutoka kitanda cha mzee hadi chooni. Utakutana na mkeka unaoteleza, kizingiti, waya wa chaji, ndoo iliyoachwa njiani, vigae vilivyolowa. Angalia na ndala zake zilivyolika kisigino. Ondoa, weka taa ndogo inayowaka usiku kucha, mnunulie sendo zenye mkanda nyuma. Mwite fundi wa kuchomelea afunge chuma cha kushikia kando ya choo. Kama choo ni cha shimo, seremala atachonga kiti chenye tundu.

Kisha miguu yenyewe. Shirika hilo hilo linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasiyumbe, siku tatu au zaidi kwa wiki. Jimu haihitajiki. Ainuke kwenye kiti na kukaa tena bila kujisukuma kwa mikono, mara kadiri awezavyo. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza, na mtu awe karibu. Tabia yetu ya kumwambia mzee "kaa tu, mama, upumzike" kutwa nzima ni kumnyong'onyeza kwa heshima.

4. Macho na masikio kabla ya hukumu

Mtoto wa jicho ndiye kinara wa upofu duniani, na upasuaji wake ni mfupi, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Unafanyika KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam, na kwenye kambi za macho zinazozunguka mikoani. Bado kuna wazee wanaoshikwa mkono kwenda msalani kwa sababu tu hakuna aliyewapeleka.

Masikio tunayapuuza zaidi. Mzee asiyesikia hujibu kinyume, watu wanacheka, mwisho anaacha kuongea na anaambiwa akili imepungua. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kushughulikiwa, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Kutosikia na kutoona vimo, pamoja na presha, kisukari na upweke. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba. Ikatolewe kituo cha afya, si kwa njiti ya kiberiti. Na ukiongea naye, kaa mbele yake aone midomo yako. Kupiga kelele kutoka jikoni hakumsaidii.

5. Kusahau kuna aina yake

Kusahau miwani ilipo ni kwa kila mtu. Kusahau njia ya kutoka msikitini ulikoswali miaka 40 ni habari nyingine. Huko huko Hai, utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita dimensia. Si laana, wala hajarogwa.

Hili lishike vizuri: mzee aliyekuwa timamu Jumapili akaanza kuweweseka Jumanne ana hali ya dharura. Huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wale ambao kumbukumbu yao inapotea polepole, Hai imejaribu kitu kinachotia moyo. Wazee walikusanywa katika vikundi vidogo, vipindi 14 ndani ya wiki saba, wakaimba, wakacheza, wakazungumzia vyakula na maisha ya zamani, bila kutegemea kusoma wala kuandika. Kundi lilikuwa dogo, lakini kumbukumbu na hali ya maisha yao viliboreka. Hayo unaweza kuyafanya barazani. Leta picha za harusi yake na umwache asimulie. Akikosea jina, usimbishie.

6. Bao, taarabu na mdundiko

Mwaka 2003, jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliowafuatilia wazee 469 wa New York, wote wa zaidi ya miaka 75. Waliosoma, waliocheza michezo ya ubaoni, waliopiga ala za muziki na waliocheza dansi walipatwa na dimensia kwa kiwango kidogo. Katika shughuli zote za mwili zilizopimwa, ni dansi pekee iliyoonyesha uhusiano huo. Nakubali kwamba huenda walioweza kucheza ndio waliokuwa wazima tangu mwanzo. Hata hivyo, sijaona hasara ya kumpeleka mama kwenye harusi na kumwacha aingie uwanjani. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliimba jukwaani hadi uzeeni kabisa, na alipofariki Aprili 2013 watu walikuwa bado wanabishana ana miaka mingapi. Na wale wanaokaa kutwa kwenye bao chini ya mwembe, muwaache. Wanahesabu kete, wanakumbuka mitaji, wanataniana. Ni tiba hiyo, ingawa wake zao hawatakubali.

7. Usimstaafishe kila kitu

Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alikuwa na wagonjwa wengi na wahudumu wachache. Akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza watu wenye msongo na kuwaongoza watafute suluhisho, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Bibi hao hawakuwa watu wa kuhudumiwa tu. Mzee wako naye mwachie kazi inayomtegemea: kuku ni wake, hesabu ya maziwa ni yake, posa ya mjukuu haijibiwi kabla hajaulizwa. Ukiuza mbuzi wake bila kumwambia kwa sababu "hatajua", umemvunja zaidi ya yale magoti.

8. Toa moshi jikoni

Miaka 50 ya kupuliza kuni huumiza mapafu na kuyafanya macho kuwa mekundu. Usukumani, macho hayo mekundu yamewagharimu bibi wengi maisha yao, wakauawa kwa kudhaniwa wachawi. Ndiyo maana miradi ya kuwalinda ikaingiza majiko yanayotoa moshi kidogo. Jiko banifu, dirisha jikoni, kuni zilizokauka. Na ukisikia mtaani neno la kumshuku bibi yeyote, liripoti kwa mwenyekiti na polisi asubuhi hiyo, usingoje lipoe.

9. Hela yake ifike mkononi mwake

Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapa pensheni ndogo ya kila mwezi wazee, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu yatima wa ukimwi. Ripoti ya 2008 iliyoangalia matokeo ilibeba jina linalosema yote: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Si pombe, kama wapinzani wa pensheni wanavyopenda kutabiri. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko. Tanzania Bara bado inasubiri pensheni kwa kila mzee, na imesubiri mno.

Nyumbani sheria iwe moja: hela ya mzee itumwe kwenye simu ya mzee, na namba ya siri asiijue mjukuu. Mwenye buku tano yake mwenyewe humtuma mtoto dukani akamletee ugoro au biskuti, na hapigii mtu magoti.

10. Ulizia dirisha la wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwahesabu wazee kuanzia miaka 60, na hospitali za umma zinatakiwa kuwatengea dirisha lao na kuwatibu bure wasio na uwezo. Nenda na kitambulisho chake, na kama hana cha matibabu, anzia serikali ya mtaa au kijiji. Ukikuta dirisha limefungwa na limegeuzwa stoo ya maboksi, mtafute mganga mfawidhi. Baraza la wazee la kata nalo lipo kwa malalamiko kama hayo.

11. Mtunze anayemtunza

Karibu kila familia ina mtu mmoja aliyebebeshwa: binti wa mwisho, mkamwana, au dada wa kazi wa miaka 19. Anamgeuza mzee usiku ili asipate vidonda, anafua mashuka, anakula akiwa amesimama. Wengine tuko kwenye kundi la WhatsApp tukiandika "Mungu amponye mama" na kuweka maua. Kundi hilo litumieni kupanga zamu: nani analipa dawa, nani anampeleka kliniki, nani analala naye Jumamosi. Mpigie leo huyo anayelala na mama. Muulize yeye, si mama, ni lini mara ya mwisho alilala hadi asubuhi, kisha tuma nauli ya atakayempokea wikiendi hii.