Stesheni ya Shinyanga Juu ya Meza

SWALI: Nataka kuiga stesheni yetu ya Shinyanga kwa reli ndogo ya mezani. Mandhari niyaundeje?

JIBU: Madhali njia ya Tabora hadi Mwanza, ipitayo Shinyanga na iliyofika ziwani mwaka 1928, ina upana wa mita 1, kwa kipimo cha 1 kwa 87 yatosha reli ya milimita 12. Majabali ya itale, ambayo ndiyo haiba hasa ya Usukumani, yafinyange kwa karatasi iliyoloweshwa gundi, uyapake plasta, na kabla haijakauka barabara uyachonge nyufa kwa kisu, kisha uyatie rangi ya kijivu iliyochanganywa na wekundu hafifu. Migunga ni vijiti na nyuzi za katani. Bati la paa ni karatasi ya aluminiamu iliyobonyezwa juu ya kitana. Majani bandia ya kijani kibichi ya dukani yaache: hayo ni ya Ulaya.