Prosesa Haipatikani Hapa: Mafunzo Niliyopata Ngara na Biharamulo

Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umepita kwetu hadi mipakani, Rusumo na Kabanga. Lakini prosesa ya seva sijawahi kuikuta dukani, si Biharamulo mjini wala Ngara. Huagizwa Mwanza, mara nyingi Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Nimehudumia seva za ofisi, shule na hospitali katika wilaya hizi mbili kwa miaka kadhaa, na umbali huo ndio ulionifundisha kazi. Sehemu kubwa ya kubadili prosesa huisha kabla bisibisi haijagusa skrubu.

1. Seva nzito haina maana kwamba prosesa imekufa

Hufa pawa saplai, hufa diski, hufa feni, hufa kijiti cha ramu. Prosesa huharibika kwa nadra sana, lakini ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Ofisi moja ya Biharamulo iliniita ikiwa na bajeti tayari ya prosesa mpya, kwa sababu kila ripoti ilichukua muda mrefu kufunguka. Niliomba kwanza nikae na seva asubuhi ya siku ya malipo, watumiaji wote wakiwa kazini. Vipimo vilionyesha prosesa karibu haina kazi. Foleni yote ilikuwa kwenye diski za kuzunguka, ambazo zilikuwa zinatafuta data huku na huko na kila ombi linasubiri zamu yake. "Mama," nilimwambia mhasibu, "hela ya prosesa irudishe kwenye fungu lake, tununue diski za SSD." Zilikuja, na ripoti zikafunguka.

Kuna vumbi pia. Vumbi letu jekundu huingia na hewa ya feni, likajibana katikati ya mapezi ya kipoza joto mpaka hewa haipiti. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na mtumiaji anaona seva imezeeka. Brashi laini na blowa vimeponya seva nyingi kuliko prosesa nilizowahi kufunga. Prosesa inahitajika kweli pale kore zote zinapofanya kazi karibu asilimia 100 kwa saa nyingi, huku diski na ramu bado zina nafasi, na joto liko sawa.

2. Soma namba mpaka herufi ya mwisho

Hospitali moja wilayani Ngara ilifikia hali hiyo ya kuhitaji prosesa kweli. Seva yake ilikuwa Dell PowerEdge R720 yenye viti viwili vya prosesa, kimoja kikiwa na Xeon E5-2620 v2 na cha pili kitupu. Uamuzi ulikuwa kuongeza ya pili.

Muuzaji akanijibu kwa simu, "E5-2620 ninayo, fundi." Hapo ndipo pa kusimama. E5-2620 isiyo na v2 ni ya 2012, yenye kasi ya gigahezi 2.0. Ile ya v2 ni ya 2013, gigahezi 2.1. Zote zina kore 6 na zote zinaingia kiti kile kile, lakini huwezi kuziweka mbili tofauti kwenye seva moja: lazima zifanane modeli. E5-2620 v3 ndiyo inayodanganya zaidi. Nayo ina miguso 2011, ila kiti chake ni kingine na hutumia ramu ya DDR4, wakati R720 ni ya DDR3. Kwa hiyo siagizi kwa jina. Namwomba muuzaji apige picha ya mgongo wa chuma wa prosesa, nisome modeli pamoja na msimbo unaoanza na SR, nilinganishe na iliyopo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mzigo wa Mwanza hausubiri tena kivuko cha Kigongo na Busisi, lakini prosesa isiyo yake bado itarudi njia nzima ilikotoka.

Jambo jingine la kuwahi, kwa anayehama kutoka prosesa isiyo na v2, ni BIOS. Ubao uliozaliwa na prosesa za kwanza hautambui v2 mpaka BIOS isasishwe, na kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu ukishaitoa seva haitawaka uifanye. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ubao unaweza kufa kabisa. Wilaya hizi ziliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya Taifa. Sasa tuna jirani mkubwa, mitambo ya maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, iliyoanza kuzalisha mwaka 2023. Nashukuru sana. UPS yenye betri nzima bado naiunga kwanza.

3. Prosesa ya pili haiji peke yake

Inataka kipoza joto chake. Inataka feni: R720 yenye prosesa moja hutoka na feni nne na vifuniko viwili vya plastiki, na ukiongeza prosesa ya pili feni lazima ziwe sita. Inataka pia ramu yake, kwa kuwa kila prosesa husimamia nafasi za ramu za upande wake. Ukiacha upande wa pili bila kitu, prosesa mpya itakuwa inaazima kumbukumbu kwa mwenzake kila mara. Haya yote huandikwa kwenye oda moja. Basi la kesho kwa ajili ya feni mbili ni siku nyingine ya wagonjwa kusubiri.

4. Pini ziko kwenye ubao

Hapa ndipo ninapomsihi kijana yeyote anayejifunza kazi hii apunguze mwendo. Prosesa za Xeon za aina hii hazina pini. Tumboni kuna miguso bapa ya dhahabu. Pini 2011 ziko kwenye kiti, nyembamba kama unywele, na kila moja imepindwa makusudi kwa pembe yake. Ukiipinda moja, hujaharibu prosesa ya bei nafuu iliyotumika, umeharibu ubao mzima.

Nazima seva, nachomoa nyaya zote mbili za umeme, kisha nabonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya chaji yaishe. Navaa kamba ya mkononi iliyounganishwa na bodi ya chuma ya seva, hasa Julai na Agosti, kiangazi kinapokausha hewa na nguo za sintetiki zinatoa cheche. Kiti kina mikono miwili ya kukifunga, na alama ya kufuli inaonyesha upi unaanza kufunguliwa. Nikishanyanyua fremu, namulika tochi kwa ulalo na kupiga picha ya pini kabla sijaweka chochote. Mistari ya pini ikiwa imenyooka, hung'aa sawasawa pichani. Pini iliyoinama hujionyesha yenyewe kwa kivuli.

Prosesa naishika kwa kingo zake tu, pembetatu ya dhahabu ikitazamana na alama ya kiti, nafasi zilizochongwa pembeni zikikaa mahali pake. Inashushwa wima, na haitelezeshwi kutafuta njia. Ikikaa, inakaa kwa uzito wake. Kifuniko cha plastiki kilichokuwa kwenye kiti sikitupi kamwe. Siku prosesa ikitolewa ndicho kitakacholinda pini hizo.

Pesti ya joto inawekwa kidogo katikati. Mgandamizo wa kipoza joto utaitandaza. Pesti ya zamani hufutwa yote kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Skrubu zinakazwa kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, ili kipoza kishuke sambamba.

5. Ubaridi wa Ngara unahadaa

Watu huniambia, "Fundi, huku ni baridi, seva haiwezi kupata joto." Lakini mji wa Ngara uko milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Watengenezaji wenyewe wanaliandika: R720 inaruhusiwa kufanya kazi kwenye hewa ya hadi nyuzi 35, lakini juu ya mita 950 kiwango hicho hupungua nyuzi 1 kila mita 300. Ongeza na chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa vumbi, kisha weka prosesa ya pili inayotoa wati 80 za joto. Naomba kila mara kipimajoto kitundikwe mbele ya rafu, pale hewa inapoingilia.

6. Hospitali haifungi

Tulipanga saa ya kuzima seva na muuguzi mfawidhi, si na ofisi ya utawala peke yake. Yeye ndiye anayejua zamu hubadilishwa lini na maabara hupungukiwa kazi saa ngapi. Alitoa madaftari ya wagonjwa kabla hatujazima, na nakala ya data ilikuwa imeshachukuliwa na kujaribiwa kufunguka kwenye kompyuta nyingine. Seva ilipowaka niliangalia mambo matatu: BIOS inahesabu prosesa mbili, ramu ya pande zote mbili inaonekana, na feni zote sita zinazunguka. Kisha nikaipa mzigo mzito usiku kucha huku nikifuatilia joto. Asubuhi dirisha la mapokezi lilipofunguliwa, "Endeleeni na kompyuta," mfawidhi aliwaambia wenzake, lakini madaftari akayaacha mezani mpaka jioni. Alifanya vyema.

Ndani ya mlango wa rafu nilibandika karatasi: modeli ya prosesa zote mbili, toleo la BIOS, mpangilio wa ramu, aina ya pesti na tarehe. Kile kifuniko cha plastiki kimo kwenye bahasha iliyobanwa nyuma ya karatasi hiyo.