Ndugu Akitoka Gerezani kwa Masharti: Mambo ya Kufanya Kamina

Mtu akifunguliwa kabla ya kumaliza kifungo, jamaa humpokea kwa furaha na kudhani kesi imekwisha. Haijakwisha. Kazi ya kumsimamia asirudi ndani inaangukia nyumba yake kwanza.

1. Jueni ametoka kwa njia gani. Sursi, yaani kusimamishwa kwa kifungo, hutolewa na tribinali siku ya hukumu, kifungo kikiwa hakizidi mwaka 1. Muda wa kuangaliwa hauzidi miaka 5, na kinachoivunja ni hukumu ya kosa jipya. Kufunguliwa kwa masharti ni amri ya Waziri wa Sheria, baada ya mfungwa kutumikia robo ya kifungo, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Kwa njia hii ya pili, mwenendo mbaya peke yake unatosha kumrudisha. Si lazima aibe tena.

2. Pigeni hesabu. Kwa aliyefunguliwa kwa masharti, muda wa kuangaliwa ni mara mbili ya kifungo kilichobaki. Aliyehukumiwa miaka 4 akatoka baada ya mwaka 1 amebakiza miaka 3; basi ataangaliwa miaka 6. Akiharibu katika mwaka wa tano, atarudi kutumikia ile miaka 3 yote. Andikeni tarehe ya mwisho, kila mtu nyumbani aijue.

3. Someni kibali cha kufunguliwa. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Mtafuteni avoka au mwalimu awaeleze sharti moja moja. Ndugu yenu atembee na kopi, karatasi yenyewe ibaki kwa mzazi.

4. Asipande treni kabla ya kuuliza. Kutoka Kamina reli inakwenda Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, na kazi nyingi ziko huko. Kama kibali kinamtaka akae mahali fulani au aripoti, aende kwanza parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, kuomba ruhusa kwa maandishi.

5. Malizeni deni la aliyekosewa. Kutoka gerezani hakufuti fidia iliyoamriwa. Asiende peke yake: mzee wa familia atangulie, mpatane malipo ya kidogo kidogo, na kila malipo yawe na risiti yenye sahihi.

6. Mpeni kazi na mtu wa kumfuata. Shamba, duka la mjomba, fundi wa baiskeli: chochote chenye saa za kuanza na kumaliza. Chagueni mmoja anayemheshimu, azungumze naye kila juma. Akianza kulewa au kurudia marafiki wa zamani, huyo amkemee mapema, kabla jirani hajapeleka malalamiko parke.